Angola 1975–1988: Nchi jirani zilivyosimama nayo dhidi ya uvamizi wa Afrika Kusini

Katika taarifa zetu za habari mnasikia mara kwa mara kwamba nchi fulani "imeitambua" serikali fulani, au kwamba viongozi wa SADC wamekutana kujadili vita katika nchi mwanachama. Wengi huona kuwa hayo ni maneno ya mezani tu, yasiyozuia risasi hata moja. Katika makala haya tunaeleza historia ya Angola, ambako neno hilo "kuitambua" liliamua nani aitwe mgeni na nani aitwe mvamizi.

Angola ilikuwaje wakati huo?

Angola ilikuwa koloni la Ureno. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliipindua serikali mjini Lisbon, na watawala wapya wakakubali kuyaachia makoloni. Lakini Angola ilikuwa na vyama vitatu vilivyopigania uhuru, na havikupatana: MPLA cha Agostinho Neto, FNLA cha Holden Roberto na UNITA cha Jonas Savimbi.

Afrika ilijaribu kuvipatanisha. Januari 1975 viongozi hao watatu walikutana Mombasa, mwenyeji wao akiwa Rais Jomo Kenyatta wa Kenya. Baadaye mwezi huo huo walitia saini mkataba na Ureno huko Alvor, wakikubaliana kuunda serikali ya pamoja na kupokea uhuru tarehe 11 Novemba. Mkataba haukudumu, mapigano yakazuka. Juni 1975 Kenyatta aliwaita tena, safari hii Nakuru. Walitia saini, na baada ya muda mfupi wakarudi vitani.

Kusini mwa Angola kuna Namibia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya makaburu wa Afrika Kusini. Makaburu waliogopa kwamba Angola huru ingekuwa kituo cha SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia. Agosti 1975 askari wao waliingia Angola, wakashika eneo la bwawa la Calueque katika mto Cunene. Oktoba walituma msafara mkubwa zaidi wa kijeshi, uliopanda kaskazini kwa kasi kuelekea mji mkuu, Luanda. Wakati huo huo majeshi ya Zaire, kwa upande wa FNLA, yalikuwa yakisogea kutoka kaskazini.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba 1975 Neto alitangaza uhuru mjini Luanda. FNLA na UNITA nao walitangaza serikali yao. MPLA kiliomba msaada Cuba, na maelfu ya askari wa Cuba wakaja.

Suala la kutambua serikali

Hapo ndipo nchi za Afrika zilipokabiliwa na swali gumu. Tulielewe kwa mfano wa nyumbani. Ndugu watatu wanagombania shamba la mirathi. Mmoja ameita watu wamsaidie. Wengine wawili nao wana watu wao, na kati ya watu hao yumo jirani mwenye silaha ambaye kijiji kizima kinajua ana nia yake mwenyewe na shamba lile. Kabla baraza la kijiji halijasema nani amevamia, lazima kwanza liseme nani ni mwenye nyumba.

Kwa mataifa ni hivyo hivyo. Serikali inayotambuliwa ina haki ya kukaribisha majeshi ya nje. Jeshi lililoingia bila mwaliko wake ni jeshi la uvamizi. Kwa hiyo, kuitambua serikali ya Luanda kulikuwa na maana kwamba Wacuba ni wageni walioalikwa, na makaburu ni wavamizi. Kutoitambua kulikuwa na maana kwamba wote ni wageni walioingilia ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe.

Addis Ababa: kura 22 kwa 22

Januari 1976 wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, walikutana kwa dharura mjini Addis Ababa. Nchi 22, zikiwemo Tanzania, Msumbiji na Nigeria, zilitaka serikali ya MPLA itambuliwe. Nchi nyingine 22, zikiwemo Zambia, Zaire na Senegal, zilitaka vyama vyote vitatu viunde serikali ya umoja na majeshi yote ya kigeni yaondoke. Mwenyeji Ethiopia na mwenyekiti Uganda hawakuegemea upande wowote. Mkutano ukaisha bila uamuzi.

Ni rahisi leo kuwalaumu waliokuwa upande wa pili, lakini walikuwa na sababu zao. Tuichukue Zambia. Shaba yake ilikuwa ikisafirishwa kwa reli ya Benguela, inayopita katikati ya Angola hadi bandari ya Lobito. Vita viliifunga reli hiyo Agosti 1975. Mpaka wake na Rhodesia ya walowezi ulikuwa umefungwa tangu 1973. Njia ya Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA ndiyo kwanza ilikuwa ikikamilika. Rais Kenneth Kaunda aliogopa pia ushindani wa mataifa makubwa kuhamia mlangoni pake.

Kilichogeuza mizani ni Afrika Kusini yenyewe. Nigeria, ambayo awali ilitaka serikali ya umoja, iliitambua MPLA mwishoni mwa Novemba 1975, baada ya kuthibitika kwamba makaburu wako ndani ya Angola. Mkuu wake wa nchi, Jenerali Murtala Muhammed, alikwenda Addis Ababa akaikosoa waziwazi Marekani, iliyokuwa imewaandikia viongozi wa Afrika kuhusu msimamo wa kuchukua. Mwalimu Julius Nyerere naye alikuwa ameitambua serikali ya Luanda Desemba 1975. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: ndugu wanaweza kutofautiana, lakini hakuna Mwafrika huru anayeweza kusimama upande mmoja na utawala wa ubaguzi wa rangi.

Februari 1976 Angola ikapokelewa OAU. Aprili mwaka huo hata Zambia iliitambua.

Kutoka Afrika hadi Umoja wa Mataifa

Baada ya Afrika kuwa na sauti moja, kazi ilihamia New York. Machi 1976 Kenya, kwa niaba ya nchi zote za Afrika, iliandikia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ikitaka uvamizi huo ujadiliwe. Askari wa Afrika Kusini waliondoka Angola tarehe 27 Machi. Siku nne baadaye, tarehe 31 Machi, Baraza lilipitisha azimio namba 387 lililolaani uvamizi na kuitaka Afrika Kusini iilipe Angola fidia. Nchi tisa ziliunga mkono. Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani hazikupiga kura ya ndiyo wala hapana, na China haikushiriki.

Juni 1976 Angola ilipoomba uanachama wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilizuia kwa kura ya turufu. Kura hiyo ni kama turufu katika karata: mwenye nayo, na wako watano tu, anaweza kuangusha azimio hata kama wengine wote wamekubali. Waafrika hawakuacha kusukuma, na tarehe 1 Desemba 1976 Angola ikaingia.

Nchi za Mstari wa Mbele

Jina ambalo wazee wengi wanalikumbuka kutoka redioni ni Nchi za Mstari wa Mbele. Zilikuwa Tanzania, Zambia, Botswana na Msumbiji. Angola ilijiunga 1976, Zimbabwe ilipopata uhuru 1980, na mwishoni Namibia.

Umoja huu haukuwa na katiba wala makao makuu. Marais walikutana inapohitajika, wakawaita na viongozi wa vyama vya ukombozi, wakakubaliana msimamo mmoja. Mwalimu Nyerere alikuwa mwenyekiti hadi alipong'atuka urais 1985, kisha Kaunda akashika nafasi hiyo.

Umoja huo ulihitajika sana kwa sababu makaburu walirudi. Tarehe 4 Mei 1978 walishambulia Kassinga, kusini mwa Angola, wakaua mamia ya Wanamibia. Agosti 1981 waliingia na jeshi kubwa na kukalia sehemu za mkoa wa Cunene. Azimio la kuwalaani lilipata kura 13 katika Baraza la Usalama, Uingereza ikajizuia, na Marekani ikaliangusha kwa turufu.

Serikali ya Rais Ronald Reagan ilileta sharti jipya: Namibia haitapata uhuru mpaka Wacuba waondoke Angola. Nchi za Mstari wa Mbele zilikataa. Zilisema uhuru wa Namibia ulikwisha kuamuliwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 435 la mwaka 1978, na Wacuba waliitwa na serikali halali kwa sababu Angola ilivamiwa. Mvamizi akiondoka, mgeni naye hatakuwa na sababu ya kukaa. Hiyo ni hoja ile ile ya 1976. Bila utambuzi uliopatikana wakati ule, isingewezekana kuitoa.

Gharama na nyufa

Mshikamano huu haukuwa wa bure. Makaburu walishambulia nchi jirani, wakaunga mkono waasi na kuharibu reli na madaraja. Ndiyo maana Aprili 1980 nchi tisa zilikutana Lusaka na kuanzisha SADCC, ili zisitegemee barabara na bandari za Afrika Kusini. Angola ilipewa jukumu la kusimamia masuala ya nishati.

Baadhi zilielemewa. Februari 1984 Angola yenyewe ilikubaliana na Afrika Kusini, mjini Lusaka, kuhusu kuondoka kwa askari wa makaburu. Machi mwaka huo Msumbiji ya Samora Machel ilitia saini mkataba wa Nkomati, ikiahidi kutowapa wapiganaji wa ANC kituo. Wengi waliona uchungu. Mwezi uliofuata marais wa Mstari wa Mbele walikutana Arusha, na Msumbiji ikabaki mwenzao. Walijua aliyechoka kwa kubeba mzigo si sawa na aliyeutupa.

Ulimalizikaje?

Mwisho wa 1987 na mwanzo wa 1988 palikuwa na mapigano makali kuuzunguka mji wa Cuito Cuanavale. Afrika Kusini haikuuteka. Mazungumzo yakaanza, Marekani ikiwa msuluhishi. Askari wa makaburu waliondoka Angola Agosti 1988, na tarehe 22 Desemba Angola, Cuba na Afrika Kusini zilitia saini mkataba mjini New York. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990, na askari wa mwisho wa Cuba wakaondoka 1991.

Hapa tuseme ukweli wote. Nchi za Mstari wa Mbele hazikutia saini mkataba huo. Na yale mambo mawili zilizokuwa zimekataa kuyafunga pamoja, uhuru wa Namibia na kuondoka kwa Wacuba, mwishowe yalikwenda pamoja. Lakini azimio 435 lilibaki kuwa msingi, na hakuna serikali ya Afrika iliyowahi kukubali kwamba makaburu walikuwa na haki ya kuwa Angola.

Mshikamano huo pia haukuponya ugomvi wa ndani. Vita kati ya serikali na UNITA viliendelea hadi 2002. Majirani wanaweza kusaidia kumtoa mvamizi. Kupatanisha ndugu ni kazi nyingine, na mikutano ya Mombasa na Nakuru ilionyesha ugumu wake mapema.

Nini kimebaki hadi leo

SADCC iligeuzwa kuwa SADC mwaka 1992, na tangu 1996 kazi ya siasa, ulinzi na usalama iliyokuwa ya Nchi za Mstari wa Mbele iko katika chombo maalumu cha SADC.

Kwa hiyo, mkisikia kwenye taarifa ya habari kwamba nchi moja imeingiza jeshi katika nchi nyingine, sikilizeni kwanza majirani wanasema nani ni serikali halali, na nani aliyelialika jeshi hilo. Kisha sikilizeni nani yuko tayari kulipa gharama ya msimamo wake. Januari 1976 Afrika iligawanyika sawa kwa sawa. Mwezi mmoja baadaye Angola ilikuwa na kiti katika OAU, na mwezi wa tatu Kenya ilisimama New York kuisemea kwa niaba ya bara zima.