Akiba Haiozi, Lakini Ufunguo Hupotea

Msomaji, ikiwa shuleni kwako imo kompyuta ya mezani iliyotengenezwa miaka kumi na tano au ishirini iliyopita, simama mbele yake uutazame uso wake. Karibu na kichwa chake utaona mlango mwembamba, upana wake kiasi cha sentimita 15, na kando yake kitufe kidogo. Ukikibonyeza kitufe hicho, ulimi wa plastiki hutoka nje polepole, kana kwamba kompyuta inaomba kulishwa. Juu ya ulimi huo ndipo diski hulazwa. Chombo hiki ndicho kisomaji cha diski. Sasa iendee kompyuta mpya uikague mbele, ubavuni na nyuma: yamkini mlango huo hutauona. Umekwenda wapi? Na kutoweka kwake kunatuhusu nini mimi na wewe? Habari hiyo ndiyo nitakayokusimulia.

Asili yake ni nuru. Tarehe 16 Mei 1960, huko California katika nchi ya Marekani, mwanafizikia Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Nuru ya taa hutawanyika kila upande kama kuku waliotupiwa jiwe. Nuru ya leza huenda pamoja katika mstari mmoja, kama askari katika gwaride. Kwa sababu hiyo yaweza kukusanywa mpaka ikawa nukta ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1970, wataalamu walifaulu kutengeneza leza ndogo kama punje, ambayo iliweza kuwaka mfululizo bila kupozwa kwa barafu wala kwa mitambo mikubwa. Hapo ndipo nuru hiyo ilipoanza safari ya kutoka katika maabara na kuingia katika nyumba za watu.

Kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, zilikuwa zikishindana sokoni. Walakini zilitambua ya kuwa kama kila moja ingetengeneza diski ya namna yake, mnunuzi angepata hasara, nazo pia zingepata hasara. Basi zikakaa pamoja zikapatana, na mwaka wa 1980 kanuni za diski mpya zikaandikwa. Katika mwezi wa Oktoba 1982 diski hiyo, iitwayo CD, ilianza kuuzwa Japani pamoja na mashine ya kuichezea. Kipenyo chake kilikuwa sentimita 12, na unene wake milimita 1.2, vipimo hivyo havijabadilika hata leo.

Labda umepata kuiona santuri ya zamani. Sindano yake hukwaruza mfereji kila mara wimbo unapopigwa, na kila mara santuri huchakaa kidogo. Diski haiguswi. Ndani yake mna njia moja nyembamba inayozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, na juu ya njia hiyo mna vishimo vingi visivyohesabika kwa urahisi. Katika nafasi ya milimita moja tu, njia hiyo hupita zaidi ya mara 600. Na kama ungeweza kuikunjua na kuinyosha, urefu wake ungefika kiasi cha kilomita 5. Leza humulika, nuru hurudi, na mahali pa kishimo nuru hurudi kwa namna tofauti na mahali palipo sawa. Kwa tofauti hiyo tu, mashine hutambua tarakimu, na kutokana na tarakimu hufanya sauti, picha au maandishi.

Haukupita muda mrefu watu wakauliza: ikiwa diski yaweza kubeba muziki, mbona isibebe vitabu? Mwaka wa 1985 ensaiklopidia ya Grolier ya Marekani ilitolewa katika diski moja ya kompyuta. Ili uelewe ukubwa wa jambo hilo, fikiri hivi: disketi, ambayo wanafunzi waliitia mfukoni, ilikuja kubeba megabaiti 1.44, diski moja ya CD ilibeba kama 650. Maana yake, diski moja ilifanya kazi ya disketi zaidi ya 450. Mwaka wa 1995 programu ya Windows 95 ilipotoka, aliyetaka kuiingiza kwa disketi alilazimika kuzibadilisha disketi 13, moja baada ya nyingine. Mwenye kisomaji cha diski aliingiza diski moja akaenda kunywa chai.

Hata hivyo, kukiingiza kisomaji chenyewe katika kompyuta hakukuwa kazi nyepesi mwanzoni. Kila kampuni ilikuwa na waya wake na lugha yake, na kisomaji cha huyu hakikukubali kuzungumza na kompyuta ya yule. Katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji walipatana tena. Kisomaji kikapewa waya ule ule uliotumiwa na diski kuu ya kompyuta, nacho kikawekwa katika nafasi ile ile iliyokuwa ya disketi za kale za inchi tano na robo. Tangu hapo mwanafunzi yeyote mwenye bisibisi aliweza kukitoa kisomaji kibovu na kutia kingine, hata kama viwili hivyo vilitoka katika nchi mbalimbali. Mapatano hayo hayakuimbwa na mtu, lakini faida yake iliwafikia mamilioni.

Sasa, msomaji, niruhusu nikupeleke Uingereza, maana huko lilitukia jambo linalofaa kukumbukwa na kila mwanafunzi. Mfalme William, aliyeiteka nchi hiyo mwaka wa 1066, aliamuru nchi yake ihesabiwe: mashamba, misitu, vinu na mifugo. Kazi hiyo ilifanyika mwaka wa 1086, ikaandikwa kwa wino juu ya ngozi. Kitabu hicho, kiitwacho Domesday Book, kimehifadhiwa London hata leo, na mtu ajuaye Kilatini na mwandiko wa zamani aweza kukisoma.

Miaka 900 ilipotimia, yaani mwaka wa 1986, shirika la BBC lilitaka kufanya kitabu kipya cha namna hiyo. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, na wengi wao walikuwa watoto wa shule kama wewe. Waliandika habari za vijiji vyao na mitaa yao: chakula walichokula, michezo waliyocheza, maduka waliyonunua vitu, na mambo waliyoyaonea wasiwasi. Wakapiga picha. Habari zote hizo zikatiwa katika diski mbili kubwa za leza, kila moja yenye upana wa sentimita 30. Lakini kisomaji cha diski hizo kilikuwa cha aina ya peke yake, na kompyuta yake kadhalika. Bei ilikuwa maelfu ya pauni, hata shule nyingi zilizotoa habari hazikuweza kununua mashine ya kuzisomea. Watoto waliandika, wasipate kuyaona maandishi yao wenyewe.

Kisha yakatokea mabaya zaidi. Mashine zile zilichakaa, hazikutengenezwa tena, na mafundi wake wakawa wachache. Ilipofika mwaka wa 2002, miaka 16 tu baadaye, wataalamu waliogopa kwamba kazi ya watu milioni moja ingenyamaza kabisa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leeds na wa Chuo Kikuu cha Michigan walilazimika kutunga programu ya kuifanya kompyuta mpya ijifanye ile ya zamani, ndipo diski ikasema tena. Mwaka wa 2011 BBC ikaziweka habari za vijiji na mitaa katika intaneti, ili watu wote wazione. Angalia ajabu hiyo: ngozi iliyoandikwa kwa wino imedumu zaidi ya miaka 900, na diski ya leza ilikaribia kupotea kabla ya miaka 20. Nayo haikuwa imeoza. Akiba ilikuwako, kilichopotea ni ufunguo.

Jambo hilo latugusa sisi pia. Mwaka wa 1996 ilianza kuuzwa DVD, yenye ukubwa ule ule wa CD, lakini yenye uwezo wa kubeba gigabaiti 4.7. Kwa miaka mingi harusi, mahafali, kwaya na mazishi ya watu wetu yalirekodiwa humo. Diski hizo zimo kabatini katika nyumba nyingi za Kenya. Kumbe mwaka wa 2008 ilitoka kompyuta nyembamba ya Apple, MacBook Air, isiyo na kisomaji ndani yake, na mwaka wa 2012 iMac mpya ya mezani ikafuata njia hiyo. Kampuni nyingine zilifanya vivyo hivyo, kwa kuwa programu na filamu zilikuwa zikipatikana katika intaneti, na kijiti kidogo cha kumbukumbu kilibeba zaidi ya diski nyingi. Siwalaumu, kila chombo kina zama zake. Lakini sauti ya nyanya yako iliyomo katika diski haikuhama yenyewe kwenda katika intaneti. Ni lazima mtu aihamishe.

Mtu huyo aweza kuwa wewe. Ikiwa kompyuta ya mezani ina nafasi ya kisomaji, fanya hivi. Izime, uchomoe waya wa umeme ukutani. Fungua ubavu wa kasha, kisha shika chuma kitupu cha kasha hilo, ili umeme uliotulia mwilini mwako utoke usije ukaunguza vyombo. Kama kimo kisomaji kibovu, chomoa nyaya zake mbili, fungua skrubu zake, ukivute kwa mbele. Kama hakimo, ondoa kifuniko cha mbele. Telezesha kisomaji kipya kutoka mbele mpaka uso wake ulingane na uso wa kasha, ukikaze kwa skrubu, mbili kila upande. Kisha unganisha waya wa habari kwenye ubao mkuu, na waya wa umeme utokao katika kikasha cha umeme cha kompyuta.

Tahadhari na jambo moja. Visomaji vya zamani vilitumia waya mpana kama utepe. Vilivyofuata baada ya mwaka wa 2003 vilianza kutumia waya mwembamba uitwao SATA, ambao kichwa chake kina umbo la herufi L. Aina hizi mbili haziingiliani, wala haifai kutumia nguvu. Kisichoingia kwa upole si mahali pake. Na ikiwa kompyuta haina nafasi kabisa, kipo kisomaji cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB.

Kazi haijaisha diski inapozunguka. Nakili yaliyomo, fungua nakala uhakikishe ya kuwa yasomeka, kisha weka nakala ya pili mahali pengine. Diski zilizorekodiwa nyumbani hutumia rangi maalumu ambayo joto na jua huidhoofisha. Kwa hiyo usiseme utafanya kesho.

Wazee wetu walisema akiba haiozi, na walisema kweli, maana walijua ya kwamba mwenye ghala huingia ghalani, hugeuza nafaka, hufukuza panya na huutunza mlango. Hifadhi ni kazi inayorudiwa na kila kizazi kwa mikono yake. Watoto wa mwaka wa 1986 waliokolewa na watu wasiowajua, walioona vema kuutafuta ufunguo uliopotea. Basi, msomaji, nenda kabatini leo utazame ni sauti gani zinazokungoja.