Mtoto Asiyeweza Kusoma Si Mjinga

Hapa Lemara, kama penginepo, mtoto akishindwa kusoma huenda akaitwa mvivu, pengine akapigwa. Lakini habari za kale zatufundisha mengine.

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14. Kijana huyo alikuwa mwerevu, na hesabu aliziweza. Ila maneno yaliyoandikwa yalimshinda, hata jina lake alilikosea. Mwalimu wake alishuhudia kwamba kama mafundisho yote yangekuwa kwa mdomo, angewapita wenzake wote. Shida hiyo leo huitwa disleksia.

Mwaka 1907 Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto mjini Roma. Humo kila mtoto alijichagulia kazi, akaifanya kwa mwendo wake. Herufi za karatasi ya msasa zilibandikwa juu ya vibao; mtoto alizipapasa kwa vidole huku akitamka sauti zake. Njia hiyo yawafaa wenye disleksia pia, maana kidole hulisaidia jicho na sikio. Nayo imefika karibu nasi: masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema, Moshi, huwafundisha walimu.

Walakini uhuru si kumwacha mtoto peke yake. Mwenye shida hii akiachiwa achague, atachagua kila kitu ila kitabu. Basi mwalimu na amwite kwa upole, amwonyeshe sauti moja moja, kisha silabi, kidogo kidogo kila siku. Fimbo haijapata kumfundisha mtu herufi.