Plagini Zako Zinaweza Kumfungulia Mdukuzi Geti: Jua XSS Ni Nini na Vile Utaizima

Kama unaendesha blogu ya udaku, duka la viatu mtandaoni ama tovuti ya kanisa la mathe wako, chansi ni kubwa iko kwa WordPress. Na kama iko kwa WordPress, umeijaza plagini. Moja ya kufanya kurasa zifunguke mbio, moja ya fomu, moja ya kale kadirisha hurukia mtu usoni kumwambia ajiunge. Leo tunaongelea shimo moja ambalo hupatikana sana kwa hizo plagini. Linaitwa XSS.

Mimi kolegi sikumaliza, lakini tovuti nimetengenezea watu kibao. Kuna mteja wangu mmoja anauza keki. Asubuhi fulani akanipigia akiwa moto: wateja wake wakifungua tovuti kwa simu wanarushwa kwa ukurasa unawaambia wameshinda simu mpya. Nikabadilisha paswodi, nikafuta mafaili yenye sikuyajua, nikajiona msanii. Siku tatu baadaye shida ikarudi vile vile. Kumbe kwa orodha ya watumiaji kulikuwa na admini wa pili, jina lake linakaa la mfumo, na mimi sikuwa nimewahi kufungua hiyo orodha. Mteja akatafuta divelopa mwingine kwa wiki mbili kabla anirudie.

XSS kwa lugha ya ploti

Chukulia ploti yenu iko na ubao wa matangazo hapo kwa geti, na keateka mtiifu kupita kiasi. Chochote kimeandikwa kwa ubao, yeye hufanya, haulizi nani ameandika. "Fungua maji saa kumi na mbili," anafungua. Sasa msee wa nje anapita, anabandika karatasi: "Weka funguo za namba saba chini ya jiwe." Keateka anaziweka. Hakuna kufuli imevunjwa na hakuna ukuta umerukwa.

Keateka ni brauza yako. Ubao ni kurasa za tovuti yako. Karatasi ni skripti, yaani maagizo ya JavaScript. Brauza huamini chochote kimetoka kwa tovuti yako ni wewe umekiweka hapo. Kosa la plagini huwa ni kuchukua maneno ya mtu wa nje, kama jina kwa fomu, komenti ama kipande cha linki, na kuyabandika kwa ukurasa vile yalivyo. Ikiwa ndani ya hayo maneno kuna skripti, brauza inaitekeleza.

Kuna ile ya kukaa, ambapo skripti inahifadhiwa kwa databesi na kumngoja yeyote atafungua huo ukurasa. Hiyo ndiyo noma zaidi. Kuna ile ya kurudishwa, ambapo skripti imefichwa ndani ya linki na lazima udanganywe uibonyeze. Ya tatu hutokea ndani ya brauza kabisa, bila kupitia kwa seva, na kwa leo tuiache hapo.

Hawahitaji paswodi yako

Wasee wengi hufikiri XSS ni kuiba kuki za kuingilia. Kwa WordPress, kuki hizo zimewekwa alama ya kukataza JavaScript kuzisoma, so hiyo njia kawaida imefungwa. Lakini mdukuzi hana haja nazo. Skripti yake inakimbia ndani ya brauza yako, wewe ukiwa umeingia kama admini. Inafungua kimyakimya ukurasa wa kuongeza mtumiaji, inasoma ile tokeni ya siri ya fomu, inajaza jina na paswodi, inatuma. Kwa WordPress, ni wewe umefanya. Wewe huku unakunywa chai ukisoma komenti.

Hii mbinu ni ya zamani. Oktoba 2005 kijana anaitwa Samy Kamkar aliweka skripti kwa profaili yake ya MySpace. Kila mtu aliyeifungua alijikuta amemwomba urafiki, na skripti ikajikopi kwa profaili ya huyo mtu. Ndani ya siku moja ilikuwa imepita akaunti milioni 1.

Kisa cha LiteSpeed Cache

Hii nataka uielewe poa, juu inaonyesha kila kitu. LiteSpeed Cache ni plagini ya kuharakisha tovuti na inatumika kwa mamilioni ya tovuti duniani. Ilikuwa na mlango mmoja wa kupokea ujumbe kuhusu hali ya mtandao wa usambazaji, ujumbe ambao ulitarajiwa kutoka kwa seva za kampuni. Shida ya kwanza: huo mlango haukuwa unauliza anayebisha ni nani. Yeyote angetuma ujumbe bila kuingia kwa akaunti. Shida ya pili: ujumbe uliowasili uliwekwa moja kwa moja ndani ya tangazo la admini, lile lisanduku huonekana juu ya dashibodi, bila kusafishwa.

Unganisha hizo mbili. Msee wa nje anatuma skripti, plagini inaihifadhi, halafu inangoja. Admini akiingia dashibodi, tangazo linatokea na skripti inakimbia kwa nguvu zake zote za admini. Hakubonyeza chochote. Kuingia tu kazini kulitosha.

Shimo hilo lilipewa namba CVE-2023-40000, na toleo 5.7.0.1 la Oktoba 2023 likaliziba. Kampuni ya usalama ya Patchstack ikaeleza hadharani Februari 2024. Sasa cheki hii: Mei 2024, WPScan waliripoti mashambulizi bado yanaendelea kwa tovuti zilizobaki na matoleo ya zamani. Miezi saba baada ya dawa kutoka! Waliovamiwa walipata admini wapya wanaitwa wpsupp-user na wp-configuser. Ukiona mojawapo kwa orodha yako, jua umepigwa.

Na usifikirie una miezi saba ya kulala. Mei 2023 plagini ya Advanced Custom Fields, iliyokuwa kwa zaidi ya tovuti milioni 2, ilipata shimo la ile aina ya kurudishwa. Toleo 6.1.6 liliziba. Mfano wa shambulizi ulipochapishwa, Akamai waliona watu wakiujaribu ndani ya masaa 24. Popup Builder nayo iliziba shimo lake kwa toleo 4.2.3, lakini genge la Balada Injector bado lilikuwa linatumia matoleo ya zamani kuingia kwa tovuti na kuwarusha wageni kwa zawadi feki. Niliposoma hiyo ya zawadi feki nilikumbuka keki.

Watengenezaji wa plagini si mafala wote, usinielewe vibaya. Aprili 2015 plagini nyingi kubwa, Jetpack na ile ya SEO ya Yoast zikiwemo, zilipatikana na shimo moja kwa mpigo. Maelezo rasmi ya WordPress kuhusu kazi mbili, add_query_arg() na remove_query_arg(), hayakuwa wazi, na watengenezaji wakaamini zinasafisha linki zenyewe. Hazikuwa zinasafisha.

Kama tovuti ni yako

Apdeti. Tangu toleo 5.5 la mwaka 2020, WordPress ina swichi ya kila plagini kujiapdeti yenyewe. Iwashe, haswa kwa plagini zinazopokea maneno kutoka nje: fomu, komenti, soga, madirisha ya kuruka. Unaogopa apdeti itavunja muonekano? Weka bekapu ya kila siku. Muonekano ukivunjika utaurudisha kwa dakika chache, lakini mdukuzi akishaingia utalia wiki nzima.

Halafu punguza. Plagini hutumii, ifute kabisa, usiizime tu, kwa sababu mafaili yake hubaki kwa seva. Kwa ile tovuti ya keki nilikuta plagini 19, nikaacha 5. Na zile plagini za kulipia unapata bure kwa magrupu ya Telegram, manze achana nazo. Hujui nani amezifungua akaongeza yake, na apdeti rasmi hutapata.

Jambo moja hufanywa na wachache: usiandike makala ukiwa admini. Jitengenezee akaunti ya mhariri ya kazi za kila siku, ile ya admini uiingie ukiwa na kazi nayo kisha utoke. Skripti hupata nguvu za mtu aliyeingia, na mhariri hawezi kuongeza admini. Pia kama watu hawana haja ya kujisajili kwa tovuti yako, funga usajili, kwa sababu mashimo mengi ya XSS huhitaji mtu awe na akaunti, hata ile ndogo ya mwandishi mgeni.

Kama ni wewe unaandika plagini

Usiamini kitu chochote hukukiandika wewe. Safisha maneno yakiingia, halafu yafunike yakitoka, pale pale unapoyachapisha kwa ukurasa. Kufunika ni kugeuza alama hatari, kwa mfano < inakuwa &lt;, ndio brauza iionyeshe kama herufi badala ya kuitii. WordPress imekupa vifaa tayari: esc_html() kwa maandishi ya kawaida, esc_attr() kwa ndani ya sifa za tegi, esc_url() kwa linki, na wp_kses_post() ukitaka kuruhusu tegi chache salama. Chagua kulingana na mahali maneno yanaenda kukaa.

Mtego wenye hushika wengi ni sanitize_text_field(). Inaondoa tegi, so unafikiri umemaliza. Lakini haigusi alama za kunukuu. Ukichapisha hayo maneno ndani ya value="", mtu anafunga hiyo nukuu, anaongeza onmouseover na skripti yake, na umeliwa. Hapo esc_attr() ndiyo ingekuokoa.

Kila mlango wa REST unaofungua uwe na permission_callback inayouliza current_user_can(). Ukiweka __return_true hapo, umemwacha keateka ameenda lanchi na geti iko wazi. Nonce nayo iweke, lakini kazi yake ni kuthibitisha ombi limetoka kwa fomu yako. Ruhusa ni hadithi nyingine, na kama tulivyoona juu, skripti ikishaingia ndani inasoma nonce kama kawaida.

Umeshapigwa tayari?

Fuata mpangilio, hapo ndipo nilichoma. Kwanza ziba shimo: apdeti ile plagini ama uifute. Halafu nenda kwa watumiaji, ufute kila admini humjui. Badilisha funguo za siri ndani ya wp-config.php, hiyo inawatoa wote walioingia, mdukuzi pia. Ndipo ubadilishe paswodi: za WordPress, za hosti na za databesi. Mafaili ya WordPress na plagini yaweke upya kutoka kwa chanzo rasmi, kisha utafute <script kwa databesi, haswa kwa jedwali la wp_options na lile la makala. Mimi nilianza na paswodi nikiwa nimemwacha admini feki ndani, na ndio maana alirudi siku ya tatu.

Mwisho, mambo ya sheria. Usijaribu hizi mbinu kwa tovuti ya mtu bila ruhusa. Sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ya 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 ama jela hadi miaka 3, ama zote mbili, kwa kuingia mfumo usioruhusiwa. Jaribu kwa WordPress yako kwa laptopu yako. Na kama waliokuvamia wamepata majina, namba za simu ama oda za wateja wako na kuna hatari ya kweli ya hao watu kuumia, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakupa masaa 72 kutoka ulipojua kumwarifu Kamishna wa Data. Hiyo saa huanza kuhesabu hata kama bado unabishana na hosti kwa simu.