Litunga na Baraza Lake: Mipaka ya Enzi katika Ufalme wa Walozi

Magharibi mwa Zambia ya leo, Mto Zambezi hupita katika uwanda mpana wa nyasi ambao kila mwaka, mvua zinapokaribia kwisha, hufunikwa na maji, na katika uwanda huo uitwao Bulozi ndipo Walozi, ambao hapo kale walijulikana kama Waluyi, walipojenga ufalme wao. Mfalme, ambaye cheo chake ni Litunga, alihesabiwa kuwa mwenye ardhi yote, na kwa jina lake watu waligawiwa vilima vya kujenga makazi, mashamba na sehemu za kuvulia samaki. Hata hivyo enzi hiyo iliwekewa mipaka na taasisi zilizokuwa na nguvu zake zenyewe.

Mapokeo yanasema kwamba ukoo wa kifalme ulianza kwa mwanamke, Mbuywamwambwa, na kwamba mwanawe Mboo ndiye aliyekuwa mfalme wa kwanza. Mbali na Lealui, makao makuu ya Litunga, kulikuwa na makao ya pili kusini, Nalolo, ambayo tangu nusu ya pili ya karne ya 19 yametawaliwa na mwanamke wa ukoo huo mwenye baraza lake mwenyewe. Waziri mkuu, yaani Ngambela, alitoka miongoni mwa raia wasio wa ukoo wa kifalme, naye aliongoza kuta, baraza lililokuwa pia mahakama. Mkuu mwingine, Natamoyo, alikuwa na ua ambamo mtu aliyekimbia hasira ya mfalme aliweza kupata hifadhi.

Mpango huu ulijaribiwa vikali mnamo 1840, pale Wakololo, watu wa asili ya Kisotho waliotoka kusini wakiongozwa na Sebetwane, walipoiteka nchi. Malaria iliwapunguza wageni hao, na mwaka 1864 Waluyi walioongozwa na Njekwa waliwapindua na kumtawaza Sipopa, ingawa lugha ya Wakololo ilibaki na ndiyo msingi wa Kilozi cha leo. Sipopa aling'olewa mwaka 1876, mrithi wake Mwanawina akafukuzwa mwaka 1878, na Lubosi aliyefuata akapinduliwa mwaka 1884 kabla ya kurudi mwaka uliofuata na kutawala hadi 1916 kwa jina la Lewanika.

Lewanika, aliyesifika kwa kuchimbisha mifereji ya kukausha ardhi na kupitisha mitumbwi, alitia saini mwaka 1890 mkataba na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini akiamini kwamba anajiweka chini ya ulinzi wa Malkia Victoria, kumbe aliipa kampuni ya biashara haki za madini katika eneo kubwa mno. Mwaka 1905 usuluhishi wa mfalme wa Italia uliwapa Wareno wa Angola sehemu kubwa ya ardhi aliyoidai upande wa magharibi. Makubaliano ya Mei 1964, yaliyouingiza ufalme katika Zambia huru huku yakihifadhi baadhi ya mamlaka ya Litunga, yalifutwa na serikali ya Zambia mwaka 1969, na malalamiko yaliyotokana na hatua hiyo hayajaisha.

Pamoja na hayo, Walozi hawajaacha Kuomboka, safari ya kuhama mafuriko ambapo Litunga hutoka Lealui kwenda Limulunga, kwenye nchi kavu, ndani ya Nalikwanda, chombo kikubwa chenye milia myeusi na myeupe kinachoendeshwa na wapiga makasia wengi, baada ya ngoma za kifalme ziitwazo maoma kulia usiku kucha. Wanaotazama sherehe hii kama pambo la utalii peke yake hawautendei haki ufalme huu, kwa maana urithi wake mkubwa zaidi ni utaratibu wa kumpa mtawala heshima yote huku ukimzunguka kwa baraza, mahakama na mahali pa kumkimbilia aliyedhulumiwa, na utaratibu huo unastahili kufundishwa katika kila somo la historia ya siasa za Afrika.