Meli iliyoungwa Kisumu, ikabaki Mwanza

Februari 2027 itatimia nusu karne tangu Tanzania ifunge mpaka wake na Kenya. Sisi wa Chebunyo, Bomet, tusiolala na harufu ya samaki, tungesema hayatuhusu. Yanatuhusu mfukoni. Mtu wa Bomet mwenye safari ya Mwanza au Bukoba alikuwa na njia ya kushuka Kisumu na kukata tiketi ya daraja la tatu ya meli ya Ziwa Victoria.

Meli za ziwa zilianza kwa kituko. SS William Mackinnon iliundwa Scotland mwaka 1890, ikaletwa Mombasa vipande vipande, na mizigo yake mingi ikapanda bara vichwani mwa wapagazi. Iliingia majini 1900, reli yenyewe ikafika Kisumu 1901. Zikafuata Winifred, Sybil, Usoga na nyingine. Mwaka 1961 ikaja Victoria, nayo ikaungwa papo hapo Kisumu.

Daraja la tatu halikuwa na kitanda. Ulikaa benchi, au ulitandika mkeka kando ya mikungu ya ndizi, mguu umeuegemeza kwenye mzigo wako asiupitie mtu.

Ugomvi wa Kenya na Tanzania ulipozuka, meli zilikuwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama reli na ndege. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja lilikufa, Kenya ikaanzisha lake. Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka na kuzuia magari na ndege ndogo za Kenya. Kila upande ukashika kilicho karibu. Victoria ikawa ya Tanzania, na Uhuru, meli nyingine ya ziwa, ikawa yetu. Viongozi walitunishiana misuli hadi Novemba 1983 mpaka ulipofunguliwa, na mali zikagawanywa 1984. Abiria maskini hakuwa na mgao.

Baadaye MV Bukoba, meli ya abiria ya Tanzania, ilizama katika ziwa hilo 21 Mei 1996 na kuua mamia. Victoria ilikarabatiwa, ikarudi kazini 2020, ikibeba abiria 1,200 kati ya Mwanza na Bukoba. Kwetu, Uhuru imefufuliwa, nasi tukashangilia. Lakini inapakia mabehewa ya mafuta ya kwenda Port Bell, Uganda. Behewa limepata meli kabla ya mama mwenye gunia la mahindi, na mimi naona aibu.

Msafiri wa Chebunyo anayekwenda Mwanza hupanda matatu hadi Bomet, kisha Sotik, Kisii na Migori, akavuka mpaka Sirari na kutafuta basi jingine.