Uvimbe Uliofichua Maradhi ya Mishipa

Uvimbe wa ubongo na anurisimu ni maradhi mawili tofauti. Uvimbe ni seli zinazoota na kukua bila mpangilio. Anurisimu ni sehemu dhaifu ya ukuta wa ateri inayotuna kama tyubu ya baiskeli inavyochomoza kwenye tairi lililochanika, na ikipasuka damu huvujia kandokando ya ubongo. Mara nyingine maradhi haya hukutana katika kichwa kimoja. Historia ya kukutana kwao yafaa isimuliwe kama historia ya vyombo vya kuonea, kwa kuwa katika kila zama madaktari waliyatambua kwa kadiri vyombo vyao vilivyowaruhusu.

Chanzo kiko Lisbon. Egas Moniz, daktari wa mishipa ya fahamu, alitafuta njia ya kujua uvimbe umekaa wapi kabla fuvu halijafunguliwa. Aliwaza kwamba dawa inayozuia eksirei ikipita ndani ya ateri, mishipa itaonekana, na pale iliposukumwa kando ndipo penye uvimbe. Vidole vyake viliharibiwa na jongo, hivyo sindano ilishikwa na msaidizi wake, Almeida Lima. Majaribio ya awali yalikuwa ya hatari, na mgonjwa mmoja alifariki. Tarehe 28 Juni 1927, baada ya ateri ya shingoni kufunuliwa kwa kisu na kutiwa myeyusho wa sodiamu ayodaidi, picha ya kijana wa miaka 20 mwenye uvimbe wa tezi ya pituitari ilionyesha ateri zilizohamishwa kutoka mahali pake. Moniz alikuwa akiwinda uvimbe, lakini alichopiga picha ni mishipa. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 njia hiyohiyo ilianza kuonyesha anurisimu kwa watu walio hai, na mgonjwa aliyechunguzwa kwa sababu ya uvimbe aliweza kukutwa na ugonjwa wa pili.

Huenda ikasemwa kwamba wapasuaji wa maiti walikwisha kuziona anurisimu zamani. Ni kweli, lakini walichokiona hakikuweza kumsaidia marehemu. Tofauti ilikuja pale jicho lilipotangulia kisu, hasa baada ya Walter Dandy kuifunga shingo ya anurisimu kwa kibanio cha fedha huko Baltimore mwaka 1937. Kuanzia hapo, kuiona kulikuwa na faida.

Maendeleo nayo yalileta upofu wake. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine ya skani ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Sasa uvimbe wenyewe ulionekana, bila sindano ya shingoni. Wagonjwa waliepushwa na maumivu na hatari, lakini sababu ya kupiga picha ya mishipa ya kila mwenye uvimbe ikaondoka. Ilibidi zije skani za baadaye zinazoonyesha ateri bila kuipitishia mpira ndipo pengo hilo lianze kuzibwa.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba huenda kukutana kwa maradhi haya ni sadfa tu. Takribani watu wazima 3 katika kila 100 wana anurisimu isiyopasuka, hivyo baadhi ya wenye uvimbe lazima wawe nayo. Hoja hii ina uzito, na hakuna haja ya kudai kwamba ugonjwa mmoja huzaa mwingine. Hata hivyo sadfa haipunguzi hatari mezani pa upasuaji. Tezi ya pituitari imepakana na ateri kuu mbili za ubongo, na anurisimu iliyotuna mahali hapo yaweza kudhaniwa kuwa uvimbe. Daktari akiikata, damu humwagika pasipo pa kuizuia kwa urahisi. Wala si lazima kila anurisimu ndogo itibiwe, maana nyingi hazipasuki. Kinachotakiwa ni kuijua kabla ya kukata. Jibu la kwanza lililopatikana kwenye picha linaeleza dalili za mgonjwa. Halitoshi kuthibitisha kwamba hakuna kingine, na mpasuaji anayelikumbuka hilo huikagua mishipa iliyo karibu na uvimbe kabla hajashika kisu.