Nzi wa matunda na siri ya neva

Nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva, iwe Mabela mjini Muscat, Unguja au Kampala, kwa watu wengi ni kero tu. Kwa wanasayansi, nzi hao wenye asili ya Afrika wamefichua namna neva inavyodumisha mawasiliano yake na msuli.

Vipokezi ni nini?

Neva na msuli havigusani. Baina yao pana mwanya mwembamba mno, na mahali hapo huitwa sinapsi. Ujumbe unapofika mwishoni mwa neva, kemikali humwagwa na kuvuka mwanya huo, kisha hunaswa na protini za upande wa pili ziitwazo vipokezi. Vipokezi vikipungua, msuli hupokea amri hafifu.

Katika buu la nzi wa matunda, kemikali hiyo ni glutameti. Kila kipokezi huundwa kwa vipande vinne. Vitatu ni vilevile daima; cha nne huwa ama cha aina A au cha aina B. Vipokezi vyenye kipande A huleta mwitikio mkubwa zaidi. Hivyo basi, seli ya msuli hudhibiti nguvu ya sinapsi kwa njia mbili: idadi ya vipokezi, na uwiano wa A na B.

Neva hufidia upungufu

Mwaka 1997, watafiti nchini Marekani walieleza kuhusu nzi waliokosa jeni ya kipande A. Kila kifuko cha glutameti kilileta mwitikio mdogo kuliko kawaida, lakini neva ilimwaga vifuko vingi zaidi, na msuli ukaendelea kufanya kazi.

Mwaka 2006, watafiti wa San Francisco walitumia sumu itokanayo na nyigu kuziba vipokezi hivyo. Neva ilifidia pengo hilo katika muda wa dakika 10 hivi. Maana yake ni kwamba msuli nao huipelekea neva taarifa.

Faida kwa binadamu

Kwa binadamu, kemikali inayotumika baina ya neva na misuli ni asetilikolini. Katika maradhi ya miasthenia gravisi, kinga ya mwili hushambulia vipokezi vyake. Kope hulegea, kutafuna huwa taabu, na mgonjwa aliyezidiwa huweza kushindwa kupumua. Neva za wagonjwa hao pia humwaga kemikali nyingi zaidi, ila juhudi hiyo haitoshi. Ndiyo sababu hupewa dawa zinazochelewesha kuvunjwa kwa asetilikolini, pamoja na zile za kutuliza kinga ya mwili.

Nzi wa matunda hufugwa kwa gharama ndogo, na kizazi kipya hupatikana katika siku 10 hivi. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti vijana wa Afrika walianza kupewa mafunzo ya sayansi ya neva kwa kutumia nzi hao huko Ishaka, magharibi mwa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala.